Vitwitwi Waliopotea Desemba

Hiki ni kisa cha kaunta buku moja, watu wawili na kipande cha tope kilichoko Dar es Salaam, kati ya Daraja la Selander na Daraja la Tanzanite, pale mto Msimbazi unapomwaga maji yake baharini. Kwa miezi mitano kaunta buku ile ilitueleza jambo ambalo si kweli. Haikubabaika. Ilieleza kwa mpangilio, tarehe kwa tarehe, hadi tukaanza kuwasimulia watu. Nakiandika chote kwa sababu kosa lenyewe si lile ambalo watazamaji ndege huliogopa siku zote, la kumpa ndege jina lisilo lake. Majina tuliyapata sawasawa.

Mimi ni mhasibu. Mwenzangu anafundisha baiolojia sekondari. Nitamwita Mwalimu, kwani hata mtaani kwao hakuna anayemwita vingine. Yeye mzaliwa wa Singida, mimi wa Morogoro. Kumbukeni hilo, maana mbele litakuja kutuumbua. Ofisini kwetu Jumamosi ni za zamu, moja kazini na moja nyumbani, kwa hiyo tulikubaliana kwenda kila Jumamosi ya pili bila kukosa. Mwalimu ana twisheni hadi saa mbili asubuhi, basi muda wetu ukawa saa tatu hadi saa tano. Tulianza tarehe 10 Septemba 2022. Tulikuwa na darubini moja ya kupokezana na kaunta buku ya kurasa nyingi kuliko subira yetu. Usiku Mwalimu alikuwa akiingiza orodha eBird, hazina ya mtandaoni ya orodha za watazamaji ndege.

Tukitoka Selander tulipitia mabwawa ya majitaka ya Chuo Kikuu, Mlimani. Harufu yake unaizoea baada ya dakika kumi, na ndege wa maji baridi huwa hawakosi.

Kwa nini Selander? Mpita njia akichungulia chini pale huona tope jeusi, mifuko ya plastiki, na yangeyange wawili watatu. Akitulia dakika tano ataona tope linatembea. Ni vitwitwi: ndege wadogo wa kijivu, wanakimbia hatua nne, wanachoma mdomo topeni, wanakimbia tena. Yule tuliyemfuatilia zaidi kwa jina la kitaalamu ni Calidris ferruginea, mwenye mdomo mweusi unaopinda kidogo kuelekea chini mithili ya sindano ya mshona magunia. Huyu huzalia kaskazini kabisa mwa Siberia, kwenye nyika isiyo na miti, katikati ya mwaka, kisha hushuka Afrika kuukimbia baridi. Akifika Dar huwa hana urembo wowote. Akikaribia kuondoka, Machi na Aprili, hugeuka rangi ya tofali lililoiva tanuruni, na hapo hata asiyejali ndege atauliza yule ni nani. Mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimsogeza ngazi moja zaidi kuelekea kutoweka, kwa hiyo ukisema amepungua mahali fulani, usiseme kwa kubahatisha.

Wengine tuliowategemea pale ni sululu, Numenius phaeopus, mkubwa, mdomo kama mundu. Kitwitwi wa mdomo uliopinda kwenda juu, Xenus cinereus. Na mla kaa, Dromas ardeola, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama koleo la fundi viatu. Mla kaa namheshimu kwa namna yake. Huzalia kwenye visiwa vya Uarabuni na Pembe ya Afrika, anachimba tundu mchangani na kutaga yai moja jeupe, joto la mchanga likimsaidia kuliatamia. Kisha huja kwetu kula kaa.

Orodha ilisema nini

Septemba 10 tope lote lilikuwa wazi hadi karibu na nguzo za Tanzanite. Vitwitwi wa mdomo uliopinda chini tuliwahesabu 140, kwa kukadiria makundi ya kumi kumi. Septemba 24 walikuwepo tena, pamoja na wala kaa sita. Oktoba hali hiyohiyo, wakipungua kidogo kila tulipokwenda. Novemba 19 walikuwa 30 tu, wamebanana kwenye ukingo. Desemba 3 tuliwaona wanne. Desemba 17 hakuna. Desemba 31 hakuna. Januari tulikwenda mara mbili, sifuri na sifuri. Pale palipokuwa na tope lilikuwepo bahari, tulivu, inang'aa, inapendeza kwa watu wa harusi waliokuja kupiga picha.

Sululu peke yake hakukatika. Kila Jumamosi alikuwepo mmoja au watatu juu ya matawi ya mikoko, kimya, shingo imezama mabegani. Tuliandika "sululu 2, wamepumzika", tukaendelea. Hilo neno "wamepumzika" lilikuwa na jibu lote ndani yake, nasi tulilipita mara nne.

Kule Mlimani mambo yalikuwa tofauti. Vitwitwi wadogo wa maji baridi na wale wenye miguu mirefu walionekana Oktoba, wakaonekana Desemba, wakaonekana Januari. Mbayuwayu kutoka Ulaya nao walikuwa wakipita juu ya mabwawa wakati wote huo. Yaani ndege wanaokimbia baridi hiyohiyo ya kaskazini walikuwa wamejaa kilomita chache kutoka Selander. Hilo nalo tulilipita.

Tulivyolieleza

Kwanza tulilitupia daraja lawama. Daraja la Tanzanite lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, linakatiza baharini mbele ya tope letu, na lilizinduliwa Machi 2022. Mtu yeyote mjini angekuambia: magari, taa, kelele, ndege wamekimbia. Mimi mwenyewe nililipenda jibu hilo kwa sababu lilinipa mtu wa kumkasirikia. Ila daraja lilikuwepo Septemba pia, tulipohesabu 140.

Kisha kunguru. Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye akaigeuza Dar kuwa yake, tumemwona mara nyingi akiwasumbua ndege wengine. Naye pia hakuingia mjini Desemba.

Kisha mafuriko ya Msimbazi. Vuli ikinyesha, mto huleta maji ya rangi ya chai ya maziwa na kila kilichotupwa kuanzia Pugu hadi Jangwani. Lakini vuli ya 2022 ilisuasua. Ndio mwaka ule mto Ruvu ulishuka, mji ukawekwa kwenye mgao wa maji, watu wakazunguka na madumu. Hakukuwa na mafuriko ya kumfukuza mtu.

Likabaki la nne, nalo likatunasa. Mwalimu aliliita "wapitaji". Kwamba vitwitwi hawa hufika Dar Septemba, wanajaza matumbo, wanaendelea kusini, labda Msumbiji, labda hadi Afrika Kusini, kisha watapita tena kwetu Machi na Aprili wakirudi. Dar ni kama stendi ya Mbezi: unashuka, unakula chipsi, unapanda basi lingine. Lilikuwa jibu zuri mno. Lilieleza kuwepo kwao, lilieleza kutokuwepo kwao, na lilitabiri lini watarudi. Na wapitaji wa namna hiyo kweli wapo. Keremkerem wa Ulaya huwa tunawasikia juu ya Mlimani Oktoba, wanapita kama wanaochelewa, na Aprili wanapita tena kuelekea kaskazini.

Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki kilikuwa mezani kwa Mwalimu muda wote. Kilisema wazi kwamba kitwitwi huyu hukaa pwani yetu tangu Agosti hadi Aprili au Mei. Nilimwonyesha. Akanijibu, "Kitabu kinazungumzia Afrika Mashariki nzima. Sisi tunazungumzia Selander." Nikaona amesema jambo la maana. Sasa nikilikumbuka naona haya, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa kazi ya watu wengi wa miaka mingi, nasi tulikuwa na Jumamosi kumi.

Siku ya kupokea zawadi

Jumatatu, Desemba 26, nilikuwa kwenye bajaji na mke wangu na watoto tukielekea Coco Beach. Ni sikukuu, kwa hiyo foleni ya Selander ilisimama kabisa. Saa sita mchana, jua la utosi. Nikageuza shingo kutazama chini.

Tope lilikuwa wazi kama Septemba. Na lilikuwa linatembea.

Sikuwa na darubini. Niliwaona kwa macho tu, wamesambaa kama punje za ulezi zilizomwagika, na nikahesabu haraka kwa makundi: mia moja, na bado. Mke wangu akaniangalia. "Baba Salma, hata leo?" Bajaji ikasogea. Nikaandika kwenye simu: vitwitwi wadogo, zaidi ya mia, aina haijulikani.

Jumamosi iliyofuata, Desemba 31, hakuna hata mmoja. Nikamweleza Mwalimu nilichokiona. Alinisikiliza kwa adabu kisha akaniuliza maswali ya mwalimu: ulikuwa na darubini? Hapana. Ulisimama muda gani? Dakika mbili tatu. Ilikuwa Jumamosi yetu? Hapana. Basi haihesabiki, akasema. Tukianza kuchanganya vilivyopimwa na vilivyochunguliwa, orodha itakufa. Nikakubali. Mstari ule haukuingia kwenye kaunta buku.

Nataka kutua hapa, maana ndipo kisa kilipo. Mwalimu hakuwa mzembe. Alikuwa makini kupita kiasi. Utaratibu wetu ulikuwa siku ileile, saa ileile, mahali palepale, watu walewale, nasi tuliamini kwamba ukishika hayo manne umeziba mianya yote. Kwa ajili ya utaratibu huo tukatupa kipande pekee cha ushahidi kilichokuwa kikitupinga. Tungeweza kukihoji, kwa kuuliza hivi: kama ni wapitaji, hawa mia wa Desemba 26 wametoka wapi, na siku tano baadaye wamekwenda wapi? Hatukuuliza. Tuliuliza kama nilikuwa na darubini.

Mchimba chambo

Februari 11, 2023, tulikuta kijana amekaa kwenye jiwe upande wa mikoko, ndoo ya rangi pembeni, jembe fupi miguuni. Huwa anachimba minyoo ya chambo na kuwauzia wavuvi. Alitusalimia kwanza.

"Shikamooni, wakubwa."

"Marahaba. Unasubiri nini?"

"Nasubiri maji." Akatutazama na darubini yetu. "Na nyinyi mnasubiri nini?"

Mwalimu akamweleza habari za ndege, kwamba zamani kidogo walikuwepo, sasa wameondoka kwenda kusini. Kijana akacheka, si kwa dharau, kama mtu aliyesikia mgeni akisema jua la Dar huchomoza magharibi.

"Hawajaenda kokote, mkubwa. Hawa tunagombania nao tope. Nyinyi mmekuja maji yamejaa. Bamvua limeshapita, mwezi una siku tano sita tangu upevuke. Leo maji yatakauka saa tisa. Njooni saa tisa."

Nilimwona Mwalimu akikunja kaunta buku taratibu. Mtoto wa Kilwa au wa Mafia asingehitaji mtu wa kumwambia hayo. Singida na Morogoro ndizo zilizohitaji.

Saa tisa alasiri tukarudi. Maji yalikuwa yamekupwa, si kwa kina kama wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, lakini kiasi cha kuacha tope la juu wazi. Kijana alikuwa katikati, ameinama. Vitwitwi wa mdomo uliopinda walikuwa hatua thelathini kutoka kwake, hawamjali. Tulihesabu 112. Asubuhi ya siku hiyohiyo, mahali hapohapo, darubini hiyohiyo, tulikuwa tumeandika sifuri.

Hesabu yenyewe

Usiku ule tulikaa na kaunta buku, kalenda ya mwezi mwandamo na jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Dar es Salaam. Bahati yetu eBird hudai saa uliyoanza, basi kila orodha ilikuwa na saa yake, na tukaweza kurudi nyuma kuona kila Jumamosi maji yalikuwa wapi.

Pwani ya Dar maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na tofauti ya juu na chini wakati wa bamvua inapita mita 3. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka. Na katika bamvua, hapa kwetu, maji hukauka kabisa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Katika maji mafu, yaani siku za mwezi nusu ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo, ni kinyume: saa nne asubuhi ndipo yanapojaa. Kwa hiyo muda wetu wa saa tatu hadi saa tano uliangukia kwenye kilele cha ukavu au kwenye kilele cha ujazo, kutegemea mwezi.

Sasa tazama mtego. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni nusu ya mwezi mwandamo, siku 14 na robo tatu hivi. Sisi tulikwenda kila baada ya siku 14. Kila ziara tulikuwa tunafika robo tatu ya siku mapema kuliko mwezi ulivyotaka. Maji husogea kama dakika 50 kwa siku, kwa hiyo kila ziara tulikuta yamekwishapiga hatua ya karibu dakika 40 mbele ya ziara iliyotangulia. Dakika 40 huzioni. Lakini ziara kumi ni zaidi ya saa sita, na saa sita na ushei ndiyo safari nzima ya bahari kutoka kukauka hadi kujaa. Ziara kumi ni wiki ishirini.

Septemba 10 ilikuwa siku ya mwezi mpevu: tope tupu saa nne. Desemba 17 mwezi ulikuwa nusu: bahari tupu. Januari 14 na 28, nusu na nusu. Aprili 8, ukikokotoa mbele, maji makavu tena. Ule mwendo wa kuja, kupungua, kupotea na kurudi, ambao tuliuita msimu, ulikuwa mwendo wa zamu za ofisini kwetu ukisuguana na mwezi. Kilichonichoma zaidi ni kwamba umbo lake lilifanana sana na la wapitaji wa kweli. Kama lingekuwa la ajabu tungelishtukia.

Tungekwenda kila Jumamosi tungegundua wiki ya pili tu, maana siku saba ni karibu nusu ya mzunguko: wiki hii kavu, wiki ijayo imejaa. Tungekwenda siku yoyote tuliyopata nafasi, hovyohovyo, tungegundua pia, pengine mapema zaidi. Nidhamu yetu ndiyo iliyotuficha. Mwalimu hakupenda nilipolisema hili, na bado hapendi.

Na Desemba 26? Mwezi ulikuwa umeandama siku tatu kabla. Maji yalikauka baada ya saa sita mchana. Foleni ile ilinisimamisha mahali na saa ambayo ratiba yetu isingenifikisha hadi Machi.

Walikuwa wapi basi, maji yakijaa?

Swali hili lilitupa kazi tamu kuliko zote. Ndege anayekula topeni hawezi kula maji yakiwa juu, hivyo huhamia malalo na kusubiri, kama yule kijana na ndoo yake. Sululu na wale wa mdomo uliopinda juu hupanda mikoko. Ndio maana sululu "wamepumzika" hawakukatika kwenye orodha: hao ndio tuliowakuta malaloni. Wadogo hawapendi matawi. Hawa hutafuta fungu la mchanga au miamba isiyofunikwa, na wengine huruka mbali zaidi ya macho yetu. Machi yote tulitumia asubuhi za maji kujaa kuwatafuta. Kundi moja tulilipata limesimama kwenye kipande cha mchanga ambacho hakizidi upana wa sebule, wote wametazama upepo, mguu mmoja. Mahali penyewe sitapataja. Wapo wenye mbwa wasiofungwa.

Katika pilikapilika hizo askari mmoja alitusimamisha akataka kujua tunachungulia nini kwa darubini karibu na nyumba za wakubwa. Mwalimu akampa darubini, akamwonyesha sululu. Alimtazama muda mrefu kuliko sisi tulivyozoea. Kisha akasema tusisogee zaidi ya pale.

Tulichorekebisha

Hatukufuta orodha za zamani. Tuliongeza safu mbili: siku ya mwezi mwandamo, na hali ya maji kwa neno moja, kavu, yanakupwa, yanajaa, yamejaa. Orodha kumi na moja za kwanza zikajazwa kutoka kwenye jedwali la bandari. Zile sifuri za Desemba na Januari zikageuka kuwa taarifa halali za jambo jingine: kwamba maji yakijaa, wadogo hawalali hapa. Sifuri haikuwa uongo. Uongo ulikuwa maelezo tuliyoipachika.

Ratiba tuliivunja. Sasa jedwali ndilo linalotupangia, ndani ya saa mbili kabla au baada ya maji kukauka, Jumamosi au Jumapili, hata kama ni saa tisa ya jua kali. Mwalimu alihamisha twisheni. Mimi nilibadilishana zamu na wenzangu hadi wakachoka kuuliza sababu.

Aprili 8 tuliwakuta vifua vyekundu kama tulivyotarajia. Kusi iliposhika, Juni na Julai, sululu wachache na vitwitwi wachache wa kijivu walikuwa bado wapo, na safari hii hatukutunga hadithi: wengi wa hao ni ndege wa mwaka wa kwanza, ambao huwa hawarudi kuzaa na hubaki pwani msimu mzima.

Msimu wa pili, 2023 hadi 2024, ulikuja na vuli ya El Niño, na safari hii Msimbazi ulifurika kwelikweli. Hata hivyo kila tulipokwenda maji yakiwa makavu, Desemba, Januari na Februari, vitwitwi wa mdomo uliopinda walikuwepo. Idadi ilirukaruka, siku nyingine 60, siku nyingine 150, na kwa watu wawili na darubini moja sioni kama mruko huo una maana yoyote. Januari 13, 2024 tulipata wala kaa wanne, ndege ambao kwenye kaunta buku ya kwanza walikuwa wamepigwa muhuri wa "mpitaji" kwa kalamu nyekundu.

Kuhusu daraja bado naulizwa, na jibu langu huwakera watu. Hatuna orodha ya kabla ya daraja iliyopimwa kwa namna yetu, kwa hiyo siwezi kulitetea wala kulishtaki. Ninachoweza ni kwamba bonde la Msimbazi linapoendelea kubadilishwa kuanzia Jangwani kushuka chini, atakayeuliza miaka ijayo atakuta walau misimu kadhaa yenye saa, mwezi na maji pembeni ya kila namba.

Jumla ya aina pale Selander sasa ni 71. Mwalimu anasema 70, kwa sababu kuna mmoja ambaye wataalamu wamemgawa kuwa aina mbili, naye hataki kusherehekea ndege aliyeongezeka tukiwa tumelala kitandani.

Mwezi uliopita nilikuwa napekua kaunta buku ya kwanza nikitafuta tarehe nyingine. Kati ya Desemba 17 na Desemba 31 kulikuwa na mstari ambao sikuuandika mimi, kwa mwandiko wa ubaoni wa Mwalimu, umebanwa kwenye ukingo wa karatasi: "26/12/2022. Selander. Saa 6 mchana. Mwezi 3. Maji makavu. Vitwitwi, zaidi ya mia, aina haijulikani. Kutoka kwenye bajaji. Bila darubini."